Siku Jashoda Aliposema Nenda

"Sivai!"

"Utavaa."

"Mama, hebu kitazame hiki kitu. Hata nyati akivishwa ataona aibu kupita sokoni. Sivai!"

"Hetal, nimesema utavaa, na utavaa sasa hivi, hapa mbele ya macho yangu."

Kitu chenyewe kilikuwa mikononi mwangu, na mimi ndiye niliyekishona, kwa hiyo nilinyamaza nione nani atanitukana kwanza. Ulikuwa ukanda wa shingo. Niliukata kwenye mshipi wa suruali wa marehemu mwanangu Kanu, ngozi nene ya kweli, nikautia kitambaa cha pamba kwa ndani usimchubue mtoto, na nyuma nikauwekea kifungo. Sikatai, haukuwa mzuri.

"Ba, mwambie mkweo," Hetal akanigeukia. Ba ni mimi. Hapa kwetu Ahmedabad bibi ni Ba, mama mkwe ni Ba, na mwanamke yeyote aliyebakiwa na meno machache ni Ba. "Mwambie wenzangu wote watakuwa pale hemani, na mimi nitaonekana kama mbwa wa polisi."

"Mbwa wa polisi analala kwenye godoro la serikali," nikamwambia. "Wewe unalala na mimi ninayekoroma. Vaa."

Ilikuwa asubuhi ya siku ya tiara. Siku hiyo, katikati ya Januari, mji mzima unahamia juu ya mapaa kurusha tiara za karatasi na kukatana nyuzi. Na uzi mtupu haukati, kwa hiyo tunaupaka uji wa wali uliochanganywa na chupa iliyosagwa, tunauanika, unakuwa mkali kuliko wembe wa kinyozi. Tiara ya jirani ikiporomoka, mapaa yote yanalia "Imekatwa!" Raha yote iko juu. Chini ndiko uzi uliokatika unakoangukia. Unalala hewani juu ya barabara, umeshikwa huku na waya wa umeme na kule na tawi, kimo cha shingo ya mtu aliyepanda skuta. Jua likiwa machoni huuoni.

Ndege nao hawauoni. Ndiyo maana Hetal, mjukuu wangu, msichana wa chuo, huenda siku hiyo kwenye hema la wale wanaoshona mbawa za ndege waliokatwa. Rafiki yake Foram alikuwa nje ya geti la mtaa wetu, juu ya skuta nyekundu, anapiga honi kama mwenye harusi.

"Nitajifunga mtandio," Hetal akasema, akauzungusha shingoni ule mtandio wake wa njano wenye madoa mekundu. "Umeona? Unatosha."

"Mtandio!" Jashoda, mama yake, akacheka kicheko kibaya. "Uzi unakata bawa la kunguru na mfupa wake, ushindwe na mtandio?"

"Kila mwaka ni hivi hivi! Kila mwaka unatuwekea matanga asubuhi asubuhi. Wewe unatoka kwenda kumtembeza mzungu wako, mimi nikae ndani kama gunia la ngano?"

"Mimi kwenye bajaji nina paa juu ya kichwa."

"Na baba alikuwa na nini?"

Hapo alikosea. Nilitaka kumziba mdomo kwa mkono wangu, sikuwahi. Jashoda alikuwa ameshika tambara la kufutia kioo cha bajaji. Alilitupa chini.

"Basi nenda!" akasema. "Nenda! Nenda zako!"

Hata honi ya Foram ilinyamaza, au mimi niliacha kuisikia.

Kwetu mtu anayetoka nyumbani haambiwi nenda. Hata anayekwenda kununua kiberiti pale kona anaambiwa njoo, yaani urudi. Mwenye duka jioni hasemi amefunga duka, anasema ameliongeza. Taa haizimwi, inakuzwa. Neno baya likishatoka mdomoni linazunguka linatafuta pa kukaa, ndivyo tulivyolelewa. Nenda anaambiwa mwizi, na anaambiwa mbwa. Na tangu Kanu afe, neno hilo katika nyumba yetu halikuwa limeguswa kabisa. Jashoda kila asubuhi alimwambia bintiye njoo, hata wakiwa wamenuniana, hata kwa kupitia dirishani, hata akiwa na mswaki mdomoni.

Hetal alisimama kizingitini. Nilimwona anasubiri. Neno moja tu lingetosha, hata "njoo mapema". Jashoda akaangalia tairi la bajaji.

"Haya," Hetal akasema. "Nimekwenda."

Akaongeza la kwake juu ya lile la mama yake. Akatoka.

Nilikimbia. Nilikuwa na bakuli la mtindi wenye sukari tayari, maana anayetoka kwa safari hulambishwa kijiko kimoja kwa heri, na yeye hakulamba. Magoti yangu moja linafanya kazi na lingine linatazama, lakini siku ile yote mawili yaliamka. Nilipofika getini niliona njano tu ikipotea kwenye kona. "Njoo!" nikapiga kelele. "Njoo, Hetal, njoo!" Kwenye paa la mbele walikuwa wamefungulia muziki wa spika kubwa kama kabati, ikaimeza sauti yangu yote.

Mtindi aliowekewa mtu haumwagwi. Nilisimama pale getini nikaula mwenyewe. Ulikuwa mtamu, Mungu anisamehe.

Jashoda huyu mnayemwona leo amevaa shati la kaki juu ya sari na kupiga honi kwa kiwiko, alipoletwa kwangu bibi harusi alikuwa anaogopa hata baiskeli. Ikipita baiskeli alikuwa anabana ukutani mpaka chokaa inabaki mgongoni. Bajaji ilikuwa ya Kanu. Kanu alipokufa ilikaa kichochoroni chini ya turubai mpaka paka wakazalia humo, na paka wale wakazaa wengine, na ninawaambia paka wa ukoo ule mpaka leo hawapandi kitu kisichokuwa na magurudumu. Siku moja Jashoda aliwafukuza, akavaa shati la mumewe, akaiwasha. Aliiendesha moja kwa moja hadi ndani ya duka la jalebi, vile vitafunwa vya shira. Mwenye duka anasema lile dirisha lake la pembeni ni Jashoda aliyelitoboa, na biashara ikaongezeka kwa hewa nzuri.

Pale kwenye kituo cha bajaji wanaume walimcheka. Kulikuwa na mmoja, Bhikhu, alikuwa akimwona tu anaita, "Jashodaben, dada yetu, jikoni umemwachia nani?"

"Nimemwachia mkeo, kaka Bhikhu. Alikuja kuomba chumvi, akasema kwenu hakuna mwanaume wa kununua."

Baada ya hapo walimpa nafasi kwenye foleni. Kidogo kidogo akaanza kuwachukua wageni, akajifunza Kiingereza chao kwa kuwasikiliza tu, akawa anawatembeza mji wa zamani siku nzima na wanaandikiana jina lake huko makwao. Mji huu anaujua mpaka mlango upi una ufa. Ila daraja moja tu hapiti, lile ambalo juu yake uzi ulimkata Kanu shingo. Atazunguka mto mzima, atachoma mafuta, lakini hapiti.

Kanu alikuwa amepanda skuta ya kuazima, siku ya tiara kama hii, kwenda kununua jalebi za mlo wa mchana. Jashoda alikuwa jikoni, mikono imejaa unga. Hakutoka kumuaga. Tangu siku hiyo anaamini mumewe aliondoka bila neno, na bila neno hakuwa na kamba ya kumrudisha.

Nitawaambia ninyi jambo ambalo yeye sikuwa nimemwambia. Mimi nilikuwa kizingitini siku ile. Nilimwambia Kanu njoo. Nilimwambia vizuri, kwa sauti, na mtindi alilamba mpaka akageuza kijiko kuangalia kama kimebakiza. Hakurudi. Jashoda alikuwa na kitu kimoja alichoamini kinamlinda mtoto wake, na kila asubuhi alikitumia. Ningemwambia hakilindi, angeshika nini?

Basi asubuhi ile nilipanda kwenye bajaji bila kuulizwa, na ule ukanda mapajani.

"Ba, shuka. Nina mgeni."

"Na mimi ni mgeni. Endesha."

Aliniangalia kwenye kioo. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli.

Mgeni wetu alikuwa mjane kutoka Uholanzi, jina lake Anneke, mrefu kama nguzo ya umeme. Alijikunja kuingia ndani ya bajaji kama mtu anayeingia kwenye sanduku. Hatujafika mbali, kichwa kiko nje upande huu na kamera, mara kiko nje upande ule. Juu yetu anga lilikuwa limejaa tiara kama nzi kwenye kidonda, na nyuzi zimening'inia kutoka kila waya.

"Mwambie aingize kichwa," nikasema.

"Nimemwambia mara ngapi."

"Basi mwambie hili ni pambo la malkia wa zamani wa mji huu, na mgeni wa heshima lazima alivae."

"Malkia gani, Ba?"

"Yule aliyekuwa na waume wanne na tembo mmoja, na tembo ndiye aliyempenda zaidi."

Jashoda alitafsiri bila kutabasamu. Yule mama alicheka, akainamisha shingo yake ndefu, nikamfunga kifungo. Ulimkaa vizuri kuliko ungemkaa Hetal. Nilijuta papo hapo kwa nini nimeutoa, halafu nikajuta kwa nini nimejuta.

Tulimpitisha lango la kale la Milango Mitatu, tukampitisha soko la Manek Chowk kati ya wauza dhahabu na wauza vyungu. Kila tulipokwama kwenye msongamano Jashoda alipiga simu, akaiweka sikioni, akaitoa. Ilikuwa inaita tu. Nilimwona kwenye kioo anawaangalia wasichana wote waliopita kwa skuta, usoni kwanza, kisha shingoni. Mdomo wake ulikuwa ukiendelea na kazi: huu msikiti ulijengwa na fulani, haya madirisha ya mbao yalichongwa na fulani. Sauti ilikuwa ya mtu anayesoma bei za mboga.

"Atakuwa anashona ndege," nikasema. "Mikono imejaa manyoya, atashikaje simu?"

"Sijasema kitu, Ba."

"Na mimi sijasema kitu."

Ilikuwa mtaa wa Raipur, kwenye ule uchochoro wa wauza tiara, pale tulipoguswa. Uzi ulionolewa ukipita hewani unalia, sauti nyembamba kama ya mbu aliyekasirika. Mimi nimepaka nyuzi ujana wangu wote, viganja vyangu vina mistari ambayo hakuna mtabiri anayeweza kuisoma. Niliusikia, nikapiga kelele, lakini siku hiyo kila mtu anapiga kelele. Tiara ilikuwa imekatwa juu, uzi ukashuka kutoka paa hadi paa, na bajaji ilikuwa kwenye mwendo. Mama yule alikuwa nje mpaka mabegani. Nilisikia kitu kikikwaruza ngozi, kama fundi viatu anapovuta kisu, na mgeni wetu akarudi ndani kwa nguvu, ameshika shingo.

Jashoda alikanyaga breki, watu nyuma wakatutukana. Akageuka, akautoa mkono wa mgeni taratibu. Kwenye ukanda kulikuwa na mstari umenyooka, umezama katika ngozi mpaka pamba nyeupe ikachungulia. Shingo ilikuwa nzima. Yule mama akacheka kidogo, hakujua amecheka nini, akauliza kitu.

"Mwambie malkia naye alikuwa na mstari kama huo," nikasema.

Jashoda hakutafsiri. Alikuwa anaupitisha mstari ule kwa kidole, huku na huku. Nilijua anafikiri nini kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiri hicho hicho. Ukanda ulioshonewa shingo ya Hetal ulikuwa umefanya kazi yake, na Hetal hakuwa ndani yake.

"Tutapita darajani," akasema.

"Daraja lipi?"

Aliwasha, akashika njia ya mto.

Mwanzoni mwa daraja kulikuwa na kundi la watu, na askari wa barabarani anapunga mkono. Bajaji ilipofika karibu niliona skuta imelala ubavu. Nyekundu. Mji huu una skuta nyekundu nyingi kuliko kunguru, nikajiambia, kila fundi na kila karani ana nyekundu. Halafu nikaona mtandio umenaswa kwenye gurudumu la nyuma. Ulikuwa wa njano. Ulikuwa na madoa mekundu, au ulikuwa mwekundu kwa sababu nyingine, sikuweza kujua kutoka pale. Kando yake mtu alikuwa anamwaga mchanga barabarani kwa karai, polepole, kama anayelisha kuku.

Jashoda alisimamisha bajaji. Askari akaja kando yetu.

Mngetegemea amuulize. Mimi pia nilitegemea, nilishika chuma cha kiti kusubiri. Lakini ukimuuliza mtu aliyeanguka ni nani, umeshamwangusha wa kwako kwa mdomo wako. Asubuhi mdomo wake ulikuwa umekosa mara moja.

"Kaka," akasema, "njia iko wazi?"

"Zunguka, dada. Kuna msichana hapa..."

"Njia tu ndiyo nilitaka, kaka. Asante."

Akageuza. Aliikata kona kwa nguvu mpaka kengele ndogo iliyofungwa kwenye kioo ikalia yenyewe. Mgeni akauliza kulikuwa na nini.

"Mwambie wanapiga picha ya sinema," nikasema. "Mwambie ndiyo maana wanamwaga mchanga, ni hadithi ya jangwani."

Safari hii alitafsiri. Mama yule aliangalia nyuma kwa muda mrefu, na hakupiga picha.

Kwenye hema la ndege kulikuwa na maboksi mpaka nje, na ndani ya kila boksi kitu kinachakura. Daktari mmoja alikuwa anashona bawa la korongo aliyelala chali kama mlevi. Foram hakuwepo, na Hetal hakuwepo. Mwanamke mnene aliyekuwa anachanganya dawa alituambia bila kuinua kichwa, "Hetal? Amekwenda na mwenzake kumchukua ndege. Walipigiwa simu kutoka upande wa daraja. Zamani kidogo. Wewe ndiye mama yake? Simu yake hiyo hapo kwenye chaji, inalia tangu asubuhi imetutoboa masikio."

Simu ilikuwa mezani, kati ya pamba na mikasi. Jashoda aliitazama tu, hakuigusa. Mgeni wetu alikuwa amechuchumaa mbele ya kasuku aliyefungwa bandeji, analia kimya kimya.

"Upande wa daraja," Jashoda akaniambia tulipotoka.

"Daraja lina pande mbili," nikasema.

Hakuna aliyesema hospitali. Bajaji ilikwenda yenyewe, kama punda anavyojua zizi. Tulipofika getini Jashoda alizima injini, akabaki ameshika usukani.

"Mguu haushuki, Ba."

"Nani amekuambia ushuke? Mwambie mgeni hii ni ikulu ya zamani, na mimi naingia kumsalimia bawabu. Mwambie tulikuwa wachumba, akaniacha kwa sababu nilikuwa mrembo kupita kiasi."

Alimgeukia yule mama akamwambia jambo. Lilikuwa fupi mno kuwa hilo langu. Sijui Kiingereza, lakini najua urefu wa uongo wangu.

Ndani nilimkuta muuguzi kijana mezani. Nami ulimi wangu ulikataa kuuliza moja kwa moja. "Binti," nikasema, "leo mmepata wageni?"

"Bibi, leo ni siku ya tiara. Tumejaa."

"Wa kike je?"

"Yupo mmoja, ametoka darajani. Mwenye mtandio wa njano." Hapo akaniangalia vizuri. "Wewe ni nani wake?"

Nimedanganya maisha yangu yote. Niliwahi kuwaambia wajukuu kwamba tiara yangu ilinasa kwenye mwezi, nikavutana nao mpaka majirani wakaomba niuachie ili wapate kulala, na wakaamini. Lakini pale mbele ya binti yule nilitafuta uongo mmoja mdogo wa kuniingiza ndani, nikakosa. Nadhani aliona uso wangu. Alinishika kiwiko, akanipeleka kwenye pazia.

Pazia halikufika chini. Niliona miguu kwanza, imetokeza kwenye ukingo wa kitanda. Sikutaka kuiangalia, nikaiangalia. Hetal ana miguu ya babu yake, mikubwa, mipana, viatu vyake tunanunua upande wa wanaume. Hii ilikuwa midogo, na ina hina ya bibi harusi ambayo haijaanza kufifia. Mashine ilikuwa inalia polepole, kwa hiyo alikuwa bado yupo. Mwanamke alikuwa amekaa sakafuni ameishika miguu ile kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mlango usifunguke.

Aliinua macho akaniona. Mimi nilikuwa nimefurahi. Nilifurahi mbele ya mama yule, na nikainamisha kichwa upesi asiuone uso wangu.

"Siye," nilimwambia Jashoda nilipotoka.

"Siye nani?"

"Siye. Washa gari."

Aliweka paji la uso kwenye usukani. Mkono mrefu wa yule Mholanzi ulikuwa mgongoni mwake, na inaonekana ulikuwa hapo muda wote. Lakini furaha yangu haikunifikisha hata kwenye mzunguko wa barabara. Kama siye, basi yuko wapi? Mji una madaraja mengine. Mji una hospitali nyingine. Ndani ya mji kuna uzi wa kuzunguka dunia nzima, nusu yake uko juu na nusu inashuka, na jua lilikuwa linaanza kulala, saa ambayo linaingia machoni mwa kila anayeendesha kuelekea mtoni.

Tulipita hemani tena. Hajarudi. Tulimrudisha mgeni mlangoni pake. Alishuka kwa kujikunjua, akafungua kifungo nyuma ya shingo yake, akaniwekea ukanda mkononi, akasema maneno. Jashoda akanitafsiria akiangalia pembeni.

"Anasema mpe huyo tunayemtafuta."

"Umemwambia?"

"Nilimwambia nini, Ba? Sikusema neno lenyewe. Nilimwambia tu tunatafuta."

Yule mama alikuwa anapunga mkono kutuaga. Jashoda, hata siku ile, hakuweza kumwacha aage vibaya. Alimfundisha neno letu, njoo, na mama yule akalisema kwa ulimi wake mzito, "Aavjo," akalirudia mara kadhaa barabarani mpaka tukapinda kona.

Nyumbani geti lilikuwa wazi na hakuna skuta. Watu walikuwa bado juu ya mapaa. Jioni hiyo hufunga taa ndogo za karatasi kwenye nyuzi za tiara, zinapanda angani moja nyuma ya nyingine, na kila mtu anasema ni nzuri. Jashoda alikaa kwenye ngazi ya mlango, na shati la Kanu mwilini. Bakuli la mtindi lilikuwa pale pale nilipoliacha, limekauka. Aliliona, akaligeuza kifudifudi.

"Alilamba?"

"Alilamba," nikasema.

"Unadanganya."

"Nadanganya."

Halafu akaanza kusema, chini chini, kama anayehesabu nguo za kufua. "Nilisema nenda. Nilimtupia nenda kama mbwa. Baba yake sikumwambia kitu, na yeye nimemwambia nenda. Mimi ndiye niliyefungua mlango, Ba. Mara zote mbili ni mimi."

"Nyamaza."

"Kama Hetal ame..."

"Nyamaza, Jashoda! Usilimalize!"

"Nisipolimaliza ndiyo halitakuwa?" Alisimama. Sasa alikuwa anapiga kelele, na paa la mbele walipunguza muziki kutusikiliza. "Si wewe uliyenifundisha? Nilipoletwa hapa, nani alinifundisha usiseme hivi, usiseme vile, taa usiizime, duka usilifunge? Nimeshika kila neno! Siku moja tu nimetoka jikoni nimechelewa, ukaona kilichotokea!"

"Haikuwa hivyo."

"Ilikuwaje basi?"

"Jashoda, siku ile ya Kanu..."

"Usinitungie, Ba. Leo usinitungie. Nakuomba kwa miguu yako."

"Situngi. Keti. Siku ile mimi nilikuwa hapa hapa ulipokaa wewe. Alikuwa na kikapu cha jalebi begani, na shati hili hili ameliacha kwenye msumari kwa sababu kulikuwa na joto. Mtindi alilamba, nilimpa mimi. Na nilimwambia. Unanisikia? Nilimwambia njoo. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu, kwa sauti ambayo hata..."

Geti lililia bawaba. Mtu aliingia kinyumenyume, analisukuma kwa mgongo kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia kitu kifuani. Kitu chenyewe kilikuwa kimefungwa ndani ya mtandio wa njano wenye madoa mekundu, na kati ya mikunjo yake kilitokeza kichwa cha bundi mweupe, kimekasirika kuliko sisi sote. Nje Foram alipiga honi moja akaondoka.

"Fungeni geti, ataruka," Hetal akasema. Shingo yake ilikuwa tupu, ina jasho na vumbi, na nzima. "Tumemfuata huyu juu ya paa la godauni tangu mchana, halafu hemani hakuna boksi, atalala kwetu. Mbona mmesimama hivyo? Mtindi wangu uko wapi?"